Kitalu cha Ndani ya Ukuta

Gerezani, 4 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, mbavu tu zinanibana kwa baridi ya sakafu. Wewe je? Na Mama? Jumapili ya wageni nilikaa kwenye benchi mpaka wenzangu wote wakaitwa, yeye sikumwona.

Bwana Bustani, ndivyo tunavyomwita askari wa shamba, kasikia kwetu tunauza miche, basi kanikabidhi kitalu: nyanya, pilipili, na vipandikizi vya waridi kwa ajili ya ofisi ya mkuu. Viriba vya kuoteshea miche hakuna. Makopo ya bati yamekatazwa, yana makali. Udongo wa hapa ni mfinyanzi, ukikauka unafaa kujengea ukuta mwingine, na kuta zinatutosha. Nifanyeje? Wewe na Mama ndio mafundi. Mimi nilikuwa mbeba mizigo tu, na ndiyo hiyo mizigo ya wizi nisiyoijua iliyonileta huku.

Mdogo wako

Nyumbani, 15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama ana kifua kidogo, ndiyo maana hakuja. Usiwe na wasiwasi.

Sasa sikiliza. Chombo chochote kinafaa mradi kiwe safi na kipitishe maji chini. Omba pakiti za maziwa jikoni, zioshe kwa sabuni, zitoboe. Mbegu hazitaki chombo kirefu, vipandikizi ndivyo vinavyotaka kina. Huo mfinyanzi achana nao. Tafuta mchanga wa chengachenga, uoshe mpaka maji yatoke safi, changanya na mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa. Umwagie maji yanayochemka, yaue ugonjwa wa udongo, uache upoe, ndipo uatike mbegu. Waridi lichomeke kwenye mchanga mtupu, bila mbolea. Mama anasema, "Mwambie kipandikizi ni mgonjwa, na mgonjwa hashindiliwi chakula."

Dada yako

Gerezani, 2 Aprili

Dada, shikamoo. Hamjambo huko?

Huku pameharibika. Miche iliota, ikasimama kama askari wa gwaride. Kesho yake yote imelala, mashina yamesinyaa chini kama yamekabwa na uzi. Maji ya moto jikoni walininyima, nikaatika hivyo hivyo. Bwana Bustani kaninyang'anya blanketi. "Umeua mali ya serikali!" Wenzangu wanasema sasa nimeongezewa kesi ya mauaji.

Naanza upya. Mpishi kanionea huruma, kanipa sufuria zima la maji ya moto. Pakiti nimezitoboa kwa msumari.

Lakini Dada, kifua kidogo hakimzuii Mama kuja kuniona. Usinifiche.

Mdogo wako

Nyumbani, 20 Juni

Mdogo wangu,

Leo salamu zangu ni nzito. Kama umesimama, kaa chini.

Mama hatunaye. Alitutoka mwezi wa tano. Ulikuwa uvimbe kwenye mapafu, tangu mwaka jana. Alinikataza kabisa: "Ukimwambia, ataruka ukuta, wampige risasi." Nikatii.

Siku ile nilikuja getini kuomba uruhusiwe kuzika. Afisa akasema, "Wafungwa wote wana mama," akafunga kidirisha. Tangu hapo, kila nikishika kalamu mkono unakataa.

Barua yako ya miche nilimsomea kitandani. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Rudia pale pa kesi ya mauaji." Nikarudia. Baada ya hapo hakuwa mtu wa kuzungumza tena.

Nisamehe.

Dada yako

Gerezani, 1 Julai

Dada, shikamoo.

Barua ilinikuta nachekecha mboji. Nikaendelea kuchekecha, chekeche tupu, mpaka Bwana Bustani akaja kuuliza nina nini.

"Mama yangu amefariki."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Aa, hiyo ya zamani," akasema. "Haya, mwagilia."

Nikamwagilia. Nyanya safari hii zimeshika. Waridi limetoa mizizi, limepelekwa mlangoni kwa mkuu.

Nimekukasirikia, sikufichi. Najua ulikatazwa. Lakini hebu fikiria: mtu yuko katika kukata roho, na neno la mwisho kutoka kwa mwanawe ni habari za pakiti za maziwa na msumari. Ningejua, ningemwandikia mengine.

Tangu jana nayatafuta hayo mengine, kalamu mkononi. Bado sijayapata.

Mdogo wako