Dawa Alizokunywa Klara

Didia,
Machi 12, 2024

Dada yangu Zipora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Buseresere, pamoja na shemeji na watoto. Sisi tunapumua. Mama yetu Mayu goti linamsumbua, lakini kisimani anakwenda mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mvua zimekuwa nzuri, majaruba ya mpunga yamejaa.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Klara hapatikani, nikakujibu kuwa simu yake imeharibika. Nilikudanganya. Mke wangu yuko kwao Songwa tangu mwezi wa pili. Mayu alimwambia mbele ya majirani kwamba miaka sita bila mtoto inatosha, arudi kwao. Klara alikunja kanga zake, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga mpira wa bomba langu la kupulizia. Sikuinua kichwa.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwaka wa tisa nawapulizia watu dawa ya magugu mashambani, bomba mgongoni. Likivuja, dawa inashuka hadi kiunoni, nami nashinda na suruali hiyo hiyo mpaka jioni. Likiziba, nalizibua kwa mdomo. Wapuliziaji wote hapa tunafanya hivyo.

Sasa nisikilize, maana haya siwezi kuyasema kwenye simu. Mwaka jana mwezi wa kumi, niliposema nakwenda mjini kununua buti, nilikwenda hospitali kupima. Daktari alisema mbegu zangu za uzazi karibu hazipo kabisa. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akasema hawezi kuapa kwamba ni dawa ile, lakini niache kuishika, tupime tena baada ya miezi kadhaa. Pengine zitarudi, pengine hazitarudi.

Majibu niliyachoma moto njiani. Nilipofika nyumbani nilimkuta Klara anakunywa ile mizizi uliyomtumia, chungu hata machozi yanamtoka. Nilimshikia kikombe. Akanywa miezi minne mingine, nami najua.

Jumapili iliyopita nilikwenda Songwa, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa unaniangalia nikinywa." Akaingia ndani. Baba yake alinisindikiza hadi barabarani.

Bomba nimeliacha, lakini majirani wanapuliza kila siku na upepo unaileta harufu hadi kwenye sahani. Na Mayu ameshanitafutia binti wa kuoa huko Lyabukande. Wazee wake wanakuja Jumamosi. Jana nilikaa na Mayu jikoni nikitaka kumwambia kwamba tatizo ni langu. Alikuwa anachagua mchele wa wageni huku anaimba. Nikaondoka.

Nisalimie shemeji, na Fredy umwambie mjomba anamkumbuka. Barua nampa kondakta wa basi la kesho. Ikikufikia mapema, Dada, njoo umwambie Mayu. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Maganga