Kanda ya Baba Shani

Jumanne, baada ya magharibi

...basi nikaiweka kwenye redio hivyo hivyo, pale kwenye meza yangu ya mitumba, sokoni Mchikichini. Kanda ya marehemu mume wangu, ya Wazungu wa magitaa. Miaka yote niliiona kelele tu.

Mama Salma, tunayepanga naye nyumba moja na meza zetu zinagusana, akadakia: "Shoga, hiyo redio imefiwa? Utatufukuzia wateja!" Muuza kahawa akasema inamtia usingizi. Nikacheka nao, si unanijua.

Ila mteja mmoja, mwalimu, alisimama na shati mkononi mpaka wimbo ukaisha. Akaniambia, "Mama, hawa wanaimba maisha ya kiwandani. Huyu anarudi nyumbani kachoka, hana hata neno la kumwambia mkewe."

Nikamfungia lile shati, nikasahau hata kudai hela. Mimi!

Baba Shani alikuwa akitoka kiwandani anakaa na kanda yake, kimya. Na mimi nikamtangaza mtaa mzima kuwa ananiringia. Kumbe mtu kachoka tu.

Sasa naisikiliza peke yangu chumbani. Maneno ninayo tele, ila wa kumwambia...

Mama Salma huyo anaita uani: "Mama Shani! Maji yametoka, lete ndoo! Na hiyo redio yako iliyofiwa uje nayo!"