Kanga Juu ya Kasia

Tibirinzi

Mjukuu wangu Hamadi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Dada yako kajifungua wa kike.

Umeniuliza, wewe baharia mpya, ishara ya kuomba msaada hupandishwa lini. Swali hilo hunitia hasira hadi leo. Nilipokuwa msichana, mashua yetu kutoka Wesha ilipasuka ubao karibu na Makoongwe. Maji yalitufika magotini, tunayakumba kwa kata na sufuria, na wavuvi wa Makoongwe tunawaona kwa macho. Nahodha akakataza katakata wasiitwe: "Hawa niliwashinda juzi kwenye resi za ngalawa. Leo niwapungie?"

Resi! Na watoto wachanga wamo chomboni!

Nikavua kanga yangu ya juu, nikaifunga kwenye kasia, nikapunga. Wakaja mbio, wakatupakia sote, wala hakuna aliyecheka. Tulipofika pwani, nahodha akanifokea mbele za watu, ati nimemwaibisha. Nikamwambia, "Maiti haoni haya. Mshukuru Mungu wewe unaona."

Basi punga ungali na nguvu za kukumba maji. Kanga ile nimeifungasha pamoja na barua hii. Usiitie chini kabisa sandukuni mwako.

Bibi yako