Video ya Mazishi ya Baba Otieno

Sindo, Jumapili

Sikulia, na hilo ndilo linanisumbua. Leo wifi yangu Akinyi alileta video ya mazishi ya mume wangu, tukaitazama sebuleni. Yeye alianza kulia jeneza lilipotolewa garini. Mimi niliona hema limeinama upande mmoja, na kivuli cha mpiga picha juu ya maua. Nikajiona nimeshikiliwa na wanawake wawili, nikamhurumia yule mama kama mtu nisiyemjua.

"Mama Otieno, kwani wewe ni jiwe?" Akinyi aliniuliza. "Na zile tamthilia za Wafilipino hukuliza mpaka ugali unapoa!"

Nilicheka kidogo. Kisha nikaogopa atawaambia watu wa boma kwamba nimeshamsahau ndugu yake. Hata mimi nilianza kujiuliza.

Sasa ndipo ninaelewa. Muda wote ule macho yangu yalikuwa yakimtafuta. Video inaonyesha wachungaji, wajomba, hata ng'ombe, lakini hakuna mahali anapokohoa, au anapouliza chai yake iko wapi.

Akinyi ameniachia video hiyo. Nitamrudishia na kumwambia ukweli: nimeitazama mpaka mwisho, na ndugu yake hayumo.