Kufuli Lililoachiwa Mapema

Mtendeni, Tabora
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Dada yangu Koleta,

Shikamoo. Na za wazee wetu hapo Bukene uzifikishe kabla hujakaa kusoma. Goti la baba linaendeleaje? Mama bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi kwa mwili sijambo. Michembe ya viazi vikavu aliyotutumia imeishia ofisini. Hata Dokta Justus, bosi wetu, anayejifanya hali vya kijijini, alirudi mara tatu kuchota.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza katikati, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Kwa hiyo nimempa Minza, anayepanda treni kesho, akuwekee mkononi. Isome yote, dada, usiruke. Nakujua.

Ni wiki ya tano sasa tangu uchukue watoto ukaenda kwa wazee, baada ya shemeji Sixbert kufukuzwa kazi hapa maabara. Uliniambia kukosa kazi ni mtihani unaomfika yeyote, ila huwezi kukaa nyumba moja na mwanaume aliyekaribia kumuua mama mjamzito kwa kushindwa kusubiri dakika tisa. Nami nikaitikia, nikasema hee, kweli. Hiyo "hee" imenikaa kooni hadi leo.

Wewe ulisikia ya mtaani tu, acha nikueleze ilivyokuwa. Unajua programu ya majibu ya vipimo niliiandika mimi, na shemeji ndiye fundi aliyezitunza kompyuta. Programu nayo huanguka. Ikianguka, kabla haijakata roho, humwaga kila kilichokuwa kichwani mwake kwenye faili moja kubwa, ili fundi aje asome imekufa kwa ugonjwa gani. Kwenye mashine yetu kuukuu kazi hiyo ilichukua dakika tisa. Muda wote huo daftari la majibu lilibaki wazi mikononi mwake, na kufuli lake amelishikilia, hata kompyuta nyingine zisiweze kuligusa. Ni kama karani azirai huku amekumbatia daftari, nanyi mmepanga foleni dirishani.

Wagonjwa walikuwa wanachoka kwenye benchi, na matusi yote yanamwangukia Dafrosa wa mapokezi. Siku moja mwanzoni mwa mwaka shemeji akaona isiwe taabu, akalifuta kufuli kwa mkono ili watu wahudumiwe. Hakikuharibika kitu, lakini Dokta Justus alimpa onyo la maandishi. Onyo hilo ndilo lililomponza.

Tarehe mbili Oktoba, saa nne asubuhi, programu ilianguka tena. Safari hii daftari likafunguka papo hapo, programu ya akiba, inayosubiri kwenye kompyuta nyingine, ikapokea kazi, sisi tukafurahi. Kumbe ile iliyokuwa inakufa ilikuwa imeandika nusu mstari: jina limeingia, majibu bado. Ya akiba ikajaza hapo majibu ya mtu mwingine, na kuanzia mstari huo watu kumi na watatu wakapewa majibu ya wenzao. Mmoja wao ni mwalimu Shamila, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Damu yake ilikuwa sita, karatasi ikasema kumi na mbili. Kesho yake akaanguka sokoni. Mungu mkubwa, aliongezewa damu akapona, na wiki iliyopita amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nilikwenda kumwona. Akanishukuru kwa kumjali, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kila mtu alisema Sixbert kavunja kufuli tena. Yeye alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Dokta Justus akaniita, akaniagiza nilifungue lile faili la kumbukumbu, maana ndani yake huonekana kufuli limeachiwa na nani, mkono wa mtu au programu yenyewe. Nilirudi baada ya saa mbili, nikamwambia faili limeharibika, halisomeki. Siku ya tatu shemeji akapewa barua yake.

Dada, faili lilikuwa zima. Nililisoma mpaka mwisho. Lilionyesha kwamba programu yenyewe ndiyo iliyoachia kufuli ikiwa katikati ya kuandika, kwa sababu mimi niliiamuru hivyo. Mwezi Agosti niliwahurumia wale wa kwenye benchi, nikabadilisha mistari michache: ikianguka, ifunge mafaili na kuachia kufuli kwanza, ndipo imwage kumbukumbu yake. Sikumwambia mtu. Wala sikuiambia ikague kama kuna mstari ulioachwa nusu. Kosa la Agosti ningeweza kulibeba, makosa ni ya binadamu. Ila Oktoba nilidanganya kwa akili zangu timamu, nikamwacha mumeo atupwe nje, na wewe uliponipigia ukilia nikakuitikia "hee". Niliogopa kufukuzwa. Sina sababu nyingine ya maana.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anafua mashati yake mwenyewe, na pazia lako la sebuleni kalianika. Nililia kabla sijaanza. Akanivutia kigoda, akaniambia nisijisumbue, anajua. Kumbe alilisoma faili asubuhi ile ile, kabla yangu, na mkono wangu akautambua. Nikamuuliza sasa kwa nini alinyamaza hata mke akamkimbia. Akasema mke na mume hugombana wakapatana, lakini angenitaja mimi ungelazimika kuchagua kati yake na mdogo wako wa tumbo moja, na hakutaka yeye ndiye apeleke chaguo hilo nyumbani kwetu, kwa mzee Mahona. Akasema pia alikuwa ananisubiri. Siku za mwanzo, kila pikipiki ilipopunguza mwendo mlangoni, alidhani ni mimi nimekuja kusema.

Leo asubuhi nimempelekea Dokta Justus faili lote, na ile mistari yangu ya Agosti nimeipigia alama. Alisoma yote, akasema barua ya Sixbert itafutwa Jumatatu na ataitwa arudi. Mimi aliniomba funguo za ofisi, nami nikamkabidhi. Jumatatu hiyo hiyo nitakwenda kwa mwalimu Shamila, nimweleze kwa kinywa changu.

Shemeji aliniomba nisikwambie kwamba alijua, usije ukaona aibu mbele yake. Nimekataa. Nimeshaficha vya kutosha.

Usinijibu kwanza, mpigie yeye. Mimi nitakaa na hasira zako kwa muda wowote utakaoona unafaa, hata ikifika Pasaka. Wazee wasalimie sana, na ukiona vigumu kuwaeleza, mpe baba barua hii aisome kwa sauti.

Kisha waite watoto. Walisikia mbele ya majirani kwamba baba yao nusura aue mtu. Naomba uwaambie mbele ya majirani hao hao kwamba si kweli, na kwamba aliyefanya ni mama yao mdogo.

Ndimi mdogo wako,
Julieth