Nililainisha Shamba la Mama kama Shuka

Jumamosi, katikati ya Machi. Jua kali, hakuna upepo, mlima umejificha kutwa nzima.

Nimechoka, ndiyo, ila zaidi ni mshtuko. Sijapata kushtushwa na udongo maishani mwangu.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya shamba la mama mkwe wangu, lile la chini ya Kikatiti, upande mkavu. Ni ngazi tano alizozichimba marehemu baba mkwe kwa jembe la mkono ili mteremko usikimbie na udongo wake, na kila ngazi nilikuwa nimeilainisha hadi haina hata kibonge. Mlinisifu sana. Mmoja akauliza hilo ni shamba au kitanda cha hoteli. Nilicheka, maana ndiyo kazi yangu. Natandika vyumba kwenye hoteli moja huku Olasiti, na mkunjo wa shuka nauona nikiwa bado mlangoni.

Leo nieleze ambacho siku ile sikukieleza.

Mama mkwe alianguka mwezi wa kwanza akaumia nyonga, hawezi kuinama. Mwaka jana mvua ilikatika mapema, na mbegu aliyobaki nayo ilikuwa mahindi kumi na manne tu, yamening'inia kwenye kamba juu ya jiko lake la kuni ili moshi uyalinde na wadudu. Ni mahindi mafupi yenye punje za zambarau na njano, yanayovumilia ukame wa kule chini. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na hajawahi kuacha mwaka upite bila kuyapanda. Dukani hayapo. Nimeuliza Kikatiti, nimeuliza Maji ya Chai, watu wananishangaa tu. Mwaka huu akaniambia niyashushe yote nikapande, kwa kuwa mimi ndiye mikono yake.

Aliniambia na jambo jingine. "Mama Elia, ule udongo usiuponde. Acha mabonge yake. Na mabua ya mwaka jana yalaze hapo hapo juu."

Nikaitikia, "Sawa, mama." Kisha nikaponda kila bonge, na mabua nikayakusanya nikayachoma.

Kwa nini? Mimi nimezaliwa kule juu kwenye kahawa na migomba, ambako udongo ni mweusi na unakunywa maji hata uulimeje. Kwetu shamba lenye mabonge ni la mvivu, na mkwe akiliacha hivyo atasemwa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Nilidhani mama ananionea huruma nisichoke. Na ukweli wote ni huu: nilidhani najua kulima kumshinda.

Udongo wenyewe nao ulinihadaa. Ni wa kijivu, mwepesi, laini kama unga wa ngano. Ukiusugua kwenye vidole husikii chembe za mchanga. Ukiulowesha na kuuviringisha haushikani kama mfinyanzi, unakatikakatika. Jembe linaingia bila ubishi wowote. Nikasema moyoni, udongo laini hivi, mbegu itashindwaje kutoka?

Jumanne ikanyesha mvua kubwa ya muda mfupi. Huku kazini nilifurahi hadi nikaimba nikitandika vitanda. Leo ni siku ya tisa tangu nipande, na nimeshuka shambani asubuhi nikitegemea mistari ya kijani.

Hakukuwa na kitu.

Ngazi zote tano zilikuwa zimekauka na kukazana kama sakafu. Niligonga moja kwa kidole, ikalia. Ule unga laini nilioutengeneza kwa mikono yangu ulipopigwa na mvua uliziba kila kitundu, ukajifunga, na maji badala ya kuzama yakateleza juu yake hadi yakabomoa ukingo wa ngazi ya nne. Jua la siku zilizofuata likamalizia kuuoka.

Nilichokoa lile gamba kwa kisu. Lina unene wa chapati. Chini yake nikakuta udongo wenye unyevu, baridi kabisa, na mbegu imeota! Lakini kichipukizi kilipofika kwenye gamba kilikosa pa kutokea, kikajikunja, kikajikunja tena, cha manjano, kimelala chali. Nikachokoa hatua mbili mbele, vilevile. Nikachokoa ngazi nyingine, vilevile. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Mahindi ya mama yalikuwa yanafia chini ya miguu yangu.

Nilipofuta macho ndipo nikaona kijani kwenye ngazi ya pili.

Ilikuwa njia nyembamba iliyokata mistari yangu kwa mshazari. Nikasogea. Kila mche uliotoka, na ilikuwa miche thelathini hivi, ulikuwa umetokea kwenye alama ya kwato, pale gamba lilipovunjika.

Kwato za mbuzi wa Baba Nasieku.

Huyu ni mfugaji jirani yetu. Alhamisi alinipigia simu mwenyewe, kwa hiari yake, kuniomba radhi kwamba mbuzi wake walimtoroka siku iliyotangulia wakapita shambani. Nami nilimfokea, mtu wa umri wa baba yangu. Nilimwambia ameharibu kazi yangu na kwamba nitampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema tu kwamba amesikia.

Nilipanda mteremko kwenda nyumbani kwa mama. Alikuwa amekaa jikoni anachambua maharage. Nilimwamkia, kisha nikamweleza yote, kuponda na kuchoma, bila kumwangalia usoni. Alisukuma maharage kando.

"Chini kuna unyevu?"

"Upo, mama."

"Basi nyingine hazijafa bado. Ila jua la kesho litazikuta zimechoka. Nenda kwa Baba Nasieku akupe mbuzi wapite."

Nikamwambia nimeshamtukana.

"Nenda hivyo hivyo ukiwa umemtukana."

Nikaenda. Nilimkuta anaziba zizi kwa miiba. Nilitoa shikamoo, akaitika marahaba, na nilipomweleza shida yangu akauliza taratibu, "Ni hawa hawa mbuzi wa kwa mwenyekiti?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Nimekosa, baba. Nisamehe." Alipiga mluzi, akafungua zizi.

Mbuzi walipita ngazi moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi, sisi wawili tukisimama kwenye kingo wasizibomoe na kwenye ile miche wasiile. Pale kwato zisipofika alinikatia tawi la mgunga nikaliburuta. Nilianza kwa nguvu, kama kawaida yangu. "Usikwaruze," akasema. "Papasa." Basi nikapapasa hadi saa kumi jioni, na gamba likawa linavunjika kwa sauti ndogo kila nilipopita.

Tulipomaliza, shamba lilikuwa baya kupindukia. Mashimo, vibonge, mavi ya mbuzi. Kwa mara ya kwanza sikutamani kulinyoosha.

Kuna kitu kimoja kimebaki cha kukiri. Ile picha niliwaonyesha ninyi nyote, wengi wenu hata siwafahamu, ila mama sikumwonyesha. Nilijua nimevunja neno lake. Jioni hii nikampa simu. Aliishika mbali na macho, akaitazama sana.

"Pazuri," akasema. "Kama kaburi la saruji."

La baba mkwe linaonekana kwenye dirisha la jiko. Sikujua nicheke au nilie. Yeye hakucheka. Alinisogezea bakuli la loshoro, na mtindi wake ulikuwa mkali kama ninavyopenda, lakini mahindi yaliyomo niliyatafuna punje moja moja.

Juu ya moto ile kamba inaning'inia tupu, imejaa masizi. Nilipoinuka kuondoka mkono ulijiendea wenyewe kuifungua. Mkono wa kazini hauvumilii kitu kilichoning'inia bure.

"Iache," mama akasema.

Nimeiacha. Jumatano ni siku yangu ya mapumziko, na nitashuka kuhesabu mimea kabla jua halijapanda. Sijui nitakuta mingapi.