Miguu Isiachane na Ardhi

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa! Mimi! Naandika mbio, mwandiko umekuwa kama kuku amepita.

Opereta wa kreni yetu anastaafu katikati ya mwaka. Tunamwita Kipanga, maana anashinda juu na hakuna anayejificha kuvuta sigara asimwone. Leo asubuhi msimamizi akatukusanya sisi tunaofunga mizigo chini, akauliza nani anataka kufundishwa. Wanaume wakatazamana. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Naapa sikuutuma.

Kipanga akasema huyo huyo ndiye aliyekuwa anamtaka. Eti ishara zangu anazisoma hata vumbi likitanda, na sikurupuki. Msimamizi akaandika jina langu. Basi!

Nimerudi nyumbani naruka madimbwi kama mtoto. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Baba.

Jumanne, 4 Machi

Sijasema.

Wacha niyaandike yalivyo, labda nikiyaona kwenye karatasi yatapungua uzito. Babu mzaa Baba alikuwa fundi mwashi. Jukwaa la mbao lilikatika akiwa ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga. Kitandani hospitali akasema: aliye wangu, miguu yake isiachane na ardhi. Baba alikuwa mtoto mdogo, kasimama pembeni ya kitanda.

Maneno yenyewe hayo tu. Hayajazi hata kiganja. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini kauli yake inakula nasi meza moja. Baba ni fundi viatu — kazi ya kukaa chini hasa! Taa ikiungua tunamwita jirani. Kaka alipata nyumba ya kupanga ghorofa ya nne, ina upepo, ina mwanga, akaikataa. Sasa anaishi bondeni, mvua ikinyesha anainua magodoro. Na mimi? Miaka yote hii nafanya kazi kwenye majengo na sijawahi kuvuka daraja la kwanza la ngazi. Wala sikuona ajabu. Niliona ndiyo tabia yangu.

Ni maneno tu. Ila ni ya marehemu — hapo ndipo penye kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa chekechea ameniita. Nikadhani mwanangu kapigana. Hapana. Kakataa kupanda kile kibao cha kuteleza. Wenzake wamepanga foleni wanasukumana, yeye kakaa pembeni anachora mchanga. Mwalimu alipombembeleza, akajibiwa kwa utulivu wa mtu mzima: "Sisi miguu yetu haiachani na ardhi."

Mwalimu alicheka, alidhani ni wimbo. Mimi nilitoka jasho.

Nimemuuliza njiani, nani kakufundisha? Akasema babu. Kumbe Baba humwambia kila akimfunga kamba za viatu. Kila asubuhi. Na sasa nakumbuka — mimi pia aliniambia hivyo hivyo, kapiga magoti, kamba mkononi. Kwa hiyo maneno ya mtu mwenye maumivu yamepita kwa Baba, yamepita kwangu, yamemfika binti wa miaka minne, na hayajachoka hata kidogo!

Kesho napanda. Siombi ruhusa. Napanda.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEPANDA!

Niandike haraka kabla haijapoa. Mkanda wa usalama kifuani, Kipanga mbele, mimi nyuma. Ngazi iko ndani ya mnara wa chuma, unapanda kisanduku baada ya kisanduku. Nilipoweka mguu wa pili nikasikia kama mtu kanishika kisigino. Nikageuka. Hakuna mtu. Kipanga akaniambia kutoka juu: mpanda ngazi hushuka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kushuka utashuka tu. Nikacheka mpaka nikajigonga goti.

Halafu tukatokea! Mji wote umelala miguuni kama nguo iliyoanuliwa. Paa ninazozipita chini yake kila siku, kumbe juu yake kuna maisha mengine — matangi, mashati, mwanamke anasuka nywele za mwenzake, paka kalala kama ndiye mwenye nyumba. Mnara unacheza kidogo upepo ukipita. Kipanga anasema ukiacha kucheza ndiyo uogope.

Akanipisha kitini. Akaniacha nishushe furushi la nondo, polepole, kidole kimoja tu kwenye kile kijiti. Nondo zikagusa ardhi bila sauti. Mtu wa chini akanionyesha dole gumba. Mimi! Huyo mtu wa dole gumba jana nilikuwa mimi!

Sikuogopa. Nataka niliandike hili vizuri. Nilingoja woga uje, haukuja. Haukuwa wangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Baba.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kiatu na sindano, akaviweka chini, akafuta mikono kwenye aproni. Nikaeleza yote, kreni, mkanda, Kipanga, hata paka. Nikasema sasa hivi vyuma vinakaguliwa, si mbao za enzi zile. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Watu wanasema aliye juu mngoje chini. Mimi nilimngoja baba yangu chini. Nilikuwa nimempelekea chakula. Nilimwona anavyofika."

Sikujua! Sikuwahi kuambiwa kwamba alikuwepo.

Akaendelea kwamba yeye hataivunja kauli ya baba yake, na mimi nikiivunja nisije kwake kuomba radhi. Akachukua kiatu chake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Na bado nataka kupanda. Mungu wangu, bado nataka. Nimelia, nimenawa, na bado nataka.

Jumatano, 2 Aprili

Mafunzo kila siku. Kipanga mkali kama pilipili. Upepo, uzito, ishara, upepo tena. Leo nimeweka pipa la maji juu ya alama ya chokaa na halikumwagika tone.

Baba hanisemeshi, ila "chakula tayari" na "funga mlango". Nikirudi na furaha yangu, naivua mlangoni pamoja na buti.

Jumamosi, 12 Aprili

Ngoja. Ngoja nipumue.

Bibi kaniita. Mama yake Baba, anaishi chumba cha uani, sikio moja limekufa na lile jingine kalitoa kwa mpira wa redioni. Humwoni akimaliza sentensi mchezo ukiwa unaendelea. Leo kaizima redio mwenyewe! Nikajua ni zito.

Akauliza ni kweli ninapanda? Nikakubali. Huko juu kunaonekana nini? Nikamwambia. Akaniuliza kama upepo unavuma vile vile, wa ubaridi, hata jua likiwa kali. Nikashtuka. Wewe umejuaje, Bibi?

Akasema Babu alimsimulia. Si kabla ya kuanguka — baada!

Nyonga ilipounga, Babu akitembea kwa fimbo, jengo lile lilikuwa limekwisha. Akawaomba wenzake wampeleke juu. Wakambeba mgongoni kwa zamu, ghorofa hadi ghorofa, mpaka kwenye paa. Akakaa huko mpaka jua likapinda. Aliporudi alikuwa anacheka, akasema angekuwa na miguu mizima kesho yake asubuhi angerudi kazini. Ile kauli ya hospitali? Alisema ilikuwa ya maumivu, si yake.

Nikauliza kwa nini hatukuambiwa. Bibi akanitazama bila haya hata chembe.

"Nilikuwa na mtoto mmoja tu. Babu yako nikamwambia, hayo ya leo usiyaseme mbele ya mwanangu. Akaninyamazia. Yale ya kwanza nikayarudia mimi, kila asubuhi nikimvisha viatu. Mbegu ni ya babu yako. Maji niliyatia mimi."

Huna majuto, Bibi? Hana! Anasema mwanawe kazeeka na mifupa yake yote, na kama angemzaa tena leo angemwambia vile vile. Ila kitukuu kukataa kuteleza — hilo halikuwa kwenye mpango wake. Hapo sauti ilipungua. Maneno ya uchungu yana miguu, alisema, yale ya kucheka inabidi uyabebe.

Nilitaka nikimbie kwa Baba hapo hapo. Akanishika mkono. Eti atamwambia yeye mwenyewe. Kisha akawasha redio, akakasirika kwamba bao limempita.

Jumapili, 13 Aprili

Bibi kasema. Sebuleni, baada ya chai, mimi nimesimama na vikombe. Kasema kwa sauti kubwa kama kawaida ya kiziwi, sidhani kuna jirani aliyekosa.

Baba hakukatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu: siku hiyo ya paa, yeye mwenyewe alikuwa wapi?

Shuleni, Bibi akasema.

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejibiwa swali la zamani sana. Akatoka. Akaenda kufungua kibanda chake, Jumapili! Nilimpelekea chakula mchana. Alikuwa kakaa na kiatu pajani, hakishoni. Nikaweka sahani, nikaondoka kwa ncha za vidole.

Jana nilidhani nimeshinda. Leo sioni cha kushangilia. Mtu kajengwa kwa sentensi moja, halafu unaivuta — kitabaki nini?

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nilisimama nyuma ya mlango. Baba alikuwa anamfunga mwanangu kamba za viatu. Alifunga wa kushoto, akafunga wa kulia. Mtoto akangoja yale maneno, miguu imenyooka.

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akampigapiga soli, akasema haya, nenda.

Mtoto akaniuliza njiani kama babu anaumwa.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefaulu! Cheti kiko mkononi, kina muhuri, kina picha yangu nimetoa macho kama samaki! Kipanga alinikumbatia halafu akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Jumatatu napanda peke yangu.

Jioni nimekuta buti zangu za kazi mlangoni. Zina soli mpya. Mpira mzito wenye mistari mirefu, ule usioteleza kwenye chuma. Kazi safi, uzi mara mbili. Nikazipanga vizuri, tukala.

Jumatatu, 26 Mei

Naandikia JUU! Mapumziko ya mchana, ndoano tupu, mashine nimezima. Asubuhi nimepandisha zege, mbao, vioo, na choo kimoja cha plastiki — vioo hakuna aliyejali, choo kikapigiwa makofi. Kipanga yuko chini kwenye nafasi yangu ya zamani. Ananiamkia "shikamoo, mheshimiwa," mzee mzima!

Msimamizi kaniita kwa redio ya mkononi. Kuna mzee getini, anasema ni baba yako, aingie? Nimesema mvalisheni kofia.

Namwona. Kofia imempwaya, aproni hakuivua. Kasogea mpaka pale mizigo inapofungwa, Kipanga kamvuta nyuma ya mstari. Kainua uso. Sijawahi kumwona Baba anatazama juu hivi. Hata mvua huitazama ikishafika chini.

Kipanga anamwonyesha redio. Bonyeza, sema, achia. Baba kaipokea kwa mikono miwili.

Kabonyeza.

Hasemi. Nasikia anavyopumua. Nyuma yake mtu anagonga chuma. Kitufe hakiachii, na mmoja akikishikilia wengine wote tumefungwa midomo, hata mimi siwezi kumwambia Baba nipo, nakusikia. Kipanga anamwashiria aachie. Hamwangalii. Kengele ya kazi imelia. Saiti nzima imesimama, inamngoja fundi viatu.

Kakohoa.

Kasema, "Mwanangu" — na kidole bado kiko pale pale kwenye kitufe.